Gesi ya Fundi Baridi na Mguu wa Bosi

Kila asubuhi mimi na Bosi tunapeleka maji. Bosi ni punda wangu. Nilimlea tangu akiwa mtoto asiyeweza kusimama vizuri. Leo anavuta mkokoteni wenye mapipa mawili, na haongozwi. Akifika kwa mwoka mikate, anasimama mwenyewe. Akifika zahanati, anasimama mwenyewe. Watu wananiita Mama Maji, lakini salamu wanaanza kumpa yeye. Sichukii hata kidogo. Najivunia.

Mume wangu ni fundi friji. Mtaani wanamwita Fundi Baridi, na jina hilo linamvimbisha kichwa. Lakini ni fundi kweli. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu.

Siku moja njia ilikuwa na matope, akaja kunisaidia. Gurudumu likatumbukia mtaroni, mkokoteni ukainamia upande. Bosi akateguka mguu wa mbele. Mume wangu aling'ang'ania mkokoteni usianguke, naye akateguka mkono. Tulirudi nyumbani tukijikokota.

Mguu wa Bosi ulivimba juu ya kwato. Hakutaka kuukanyagia. Niliogopa sana. Mguu ule usipopona, Bosi hatavuta tena. Na Mama Maji bila Bosi ni nani?

"Usilie, mke wangu," alisema Fundi. "Dawa ninayo karakana."

Akarudi na mtungi wa gesi ya friji.

"Hiyo ya nini tena?"

"Hujaona mpira kwenye televisheni? Mchezaji akiumia anapuliziwa gesi baridi, anainuka, anakimbia. Na baridi ndiyo kazi yangu!"

"Mguu wa Bosi haupuliziwi kitu nisichokijua."

"Haya, naanza na mkono wangu. Ukipona, zamu ya Bosi."

Kabla sijamzuia, akafungua koki. Gesi ilitoka ikifoka.

"Unaona? Siumwi hata chembe!"

Akazidi kupuliza palepale. Ngozi ikawa nyeupe na ngumu kama nta. Mara uso wake ukabadilika.

"Mbona sisikii vidole?"

Nilifunga mtungi, nikamwita kwa sauti jirani yetu, daktari wa mifugo. Alikuja mbio na mabuti yake ya mpira.

"Usiusugue!" alimwambia Fundi. "Dada, lete maji ya uvuguvugu. Ya moto hapana!"

Aliuloweka ule mkono taratibu. "Ukipata joto, nenda zahanati moja kwa moja. Malengelenge yakitoka, usiyapasue."

"Kwani baridi si dawa?" aliuliza Fundi kwa sauti ndogo.

"Baridi ni dawa, shemeji. Lakini gesi hii ni ya friji. Hapa haina kipimo, inagandisha nyama ya mtu. Tena ukiivuta puani inaweza kukuzimisha." Akamtazama Bosi. "Punda huku chini hana nyama. Ni ngozi, mfupa, na kano, yaani kamba za mwili zinazovuta mguu. Ungempulizia, ungemharibu kabisa."

Fundi aliinamisha kichwa, akaenda zahanati bila kubisha.

Daktari aliubonyeza mguu wa Bosi polepole. "Hajavunjika, wala hana kidonda." Akaenda kwake, akarudi na mashine ndogo yenye mpira uliounganishwa na mtungi.

"Hiyo nayo si gesi?" Nilisimama mbele ya Bosi.

"Ni gesi, lakini ni ile inayotoa mapovu kwenye soda. Mashine hii inapima joto la ngozi. Ikishapoa vya kutosha, naacha. Watu nao wanatibiwa hivi, ila na mtaalamu aliyesomea."

Nilisogea. Alipuliza huku mkono wake ukienda na kurudi, kama mtu anayepaka ukuta rangi. Hakutulia mahali pamoja. Baada ya muda mfupi akaacha. Bosi alishusha pumzi ndefu, akaweka mguu chini. Nililia kwa furaha.

Fundi aliporudi na bandeji yake, akamwona Bosi amesimama. "Amepona! Kesho kazini!"

"Maumivu ndiyo yametulia," alisema daktari. "Jeraha bado lipo. Akivuta sasa, ataumia zaidi. Apumzike mpaka niseme mimi."

"Na wewe usipokuwepo?" niliuliza.

"Funga barafu kwenye kitambaa. Weka kama robo saa, kisha ondoa. Usiiweke kwenye ngozi tupu, wala kwenye kidonda. Mguu ukipinda au usipokanyagika, ita mtaalamu. Kwa mtu ni vivyo hivyo."

Lakini maji lazima yafike. Nilivuta mkokoteni mbele, Fundi akausukuma nyuma kwa bega, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji.

"Leo Bosi kavaa suruali!" watu walimpigia Fundi kelele.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Jioni alivunja barafu ya friji yake, akaifunga kwenye kitambaa, akachuchumaa kando ya Bosi. Alishikilia barafu na kutazama saa, asipitishe muda.

Daktari alikuja mara kadhaa na mashine yake, wiki zikapita. Mwishowe alimtembeza Bosi kwenye sakafu ngumu. Bosi hakuchechemea.

"Mrudishe kazini. Pipa moja kwanza."

Asubuhi ile Bosi alipita mtaani kichwa juu. Mwoka mikate alitoka nje akapiga makofi, unga ukaruka. Tulipokaribia karakana, kijana mmoja wa mpira alikuwa mlangoni, anachechemea.

"Fundi, nipulizie kidogo."

Fundi alikunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu. "Gesi yangu ni ya friji, mwanangu. Chukua barafu hii na kitambaa hiki, halafu uende zahanati. Ukipenda, nikusindikize."

Hapo Bosi akasimama mwenyewe. Karakana haijawahi kuagiza maji. Alinyoosha shingo, akaweka pua kwenye ule mkono wenye kovu, na Fundi Baridi akamkuna kati ya masikio.

Niliwajivunia wote wawili. Bosi nilimjivunia zaidi kidogo, lakini hilo sijamwambia Fundi.