Finjani ya Mfunga Msafara

Hadi leo hakuna aliyeweza kueleza ile chupa. Humam alikutwa amekufa kwa kiu kwenye korongo moja la milima ya Hajar, midomo imepasuka, ulimi umekauka kama ngozi. Baiskeli yake ilikuwa imeegeshwa vizuri kwenye jiwe, na chupa yake ya maji ilikuwa mahali pake, imejaa hadi mdomoni. Maji yenyewe baridi. Madaktari walisema lao, polisi lao. Watu wa mlimani wakanong'ona kwamba huyo hakufa, amechukuliwa, na kilichozikwa ni kitu kingine.

Mama yake, Bi Mahfoudha, aliichukua ile baiskeli akaitundika kwenye ujia wa kuingilia nyumbani kwao, Ansab.

Mwaka ukapita.

Jioni moja Buthaina, dada wa Humam na mpanda baiskeli kama yeye, alitumwa mjini Ruwi kununua halwa. Mama alisema tu kuna wageni. Aliporudi, jua likizama, alikuta jozi mbili za viatu vya kiume mlangoni. Moja aliijua.

Hamdan.

Ndiye aliyeongoza safari ya baiskeli aliyofia Humam. Sasa alikuwa anapanga nyingine, siku nne za baiskeli vilele kwa vilele, na wapandaji wake walikuwa wamemwambia wazi: hatwendi mpaka mama wa marehemu atoe radhi. Alikuja na Elijah, fundi baiskeli kutoka Kenya, mgeni kazini, asiyejua habari yoyote.

Ramani ilitandazwa juu ya zulia. Hamdan akaonyesha kwa kalamu.

"Siku ya kwanza tunapanda hapa. Ya pili tunalala kijiji hichi, maji ya mfereji wa falaj yapo. Ya nne tunateremka."

"Na ya tatu?" aliuliza Bi Mahfoudha, akimimina kahawa.

Kalamu ilisita. "Ya tatu... njia ni ile ile, Bi Mahfoudha. Hakuna nyingine."

Elijah akainua kikombe chake kidogo.

"Mama, kahawa yako ni tamu sana, lakini leo silali. Mbona haiishi?"

Buthaina akacheka bila kutaka. "Itaisha vipi na wewe hujatikisa finjani? Usipoitikisa, atakumiminia mpaka alfajiri."

"Kumbe! Na mlikuwa mnaniangalia tu nikiteseka?" Elijah akaitikisa yake haraka haraka. Wote wakacheka, hata Bi Mahfoudha.

Kisha mama akainuka na dele lake la kahawa, akaenda hadi mlangoni. Pale chini, pasipo na mtu, palikuwa na finjani nyingine. Akaijaza.

"Hiyo ya nani?" Elijah akauliza.

"Ya mfunga msafara. Yeye hufika mwisho."

Hamdan akainamisha kichwa. Katika safari zao daima yupo anayepanda nyuma ya wote, anayemwokota aliyechoka na kumtengenezea aliyeharibikiwa. Kiongozi haondoki kituoni mpaka amwone huyo kwa macho yake. Siku ile mfunga msafara alikuwa Humam. Na msibani Hamdan alisema mbele ya watu: mwenyewe alinambia kwenye redio ya mkononi, tangulieni.

Harufu ikaingia chumbani. Haikuwa ya kahawa wala ya udi. Ilikuwa ya jiwe lililoungua na jua mchana kutwa, kisha likamwagiwa maji.

Buthaina akaitazama finjani ya mlangoni.

Tupu.

Mama akaijaza tena. Hakuna mkono ulioigusa... na kahawa ikashuka, taratibu, mpaka ukabaki weupe wa finjani.

"Hajatikisa," mama akanong'ona. "Tangu mwaka jana hajatikisa."

Tiki... tiki... tiki...

Ulitoka kwenye ujia. Mlio wa gurudumu la nyuma, baiskeli inapoteremka na mpandaji ametuliza miguu.

"Aki ya nani," Elijah akasema. "Ile baiskeli haina cheni. Nimeiona nikiingia. Bila cheni hailii hivyo."

"Hamdan, mwanangu," mama akasema. "Alikwambia mtangulie?"

"Alisema..."

Tiki-tiki-tiki-tiki.

"Alisema nimsubiri!" Hamdan akaufunika uso wake. "Kaniita, kaniita tena. Jua lilikuwa linazama, nna mtu anatapika, na mteremko ule wote mawe. Nikaogopa, Bi Mahfoudha. Nikazima redio."

Mwaka mzima Buthaina alikuwa amemchukia Hamdan kama shetani. Mbele yake sasa alikuwa amekaa mtu aliyeogopa, basi. Angeweza kumsamehe. Alikaribia kumsamehe.

"Radhi n'nakupa," mama akasema. "Nenda na safari yako. Lakini ataongoza Buthaina. Msafara utaufunga wewe."

Hamdan akambusu mkono huku analia. Aliona amepewa adhabu nyepesi.

Pale mlangoni finjani ikatikisika. Kulia, kushoto. Ikatulia.

Mlio ukakoma.

*

Siku ya tatu ya safari, alasiri inakwisha, wapandaji wote walikuwa wamefika kituoni juu ya korongo. Wote isipokuwa mmoja. Redio ya mkononi ikakwaruza kifuani kwa Buthaina.

"Buthaina... nisubirini."

Upepo.

"Buthaina, wallahi... kuna mtu nyuma yangu."

Na nyuma ya sauti yake, mbali, halafu karibu: tiki... tiki... tiki...

Elijah akamtazama. Alikuwa ameshageuza baiskeli yake kuelekea kule walikotoka. Mwanga ulikuwepo bado. Kurudi kuliwezekana, na Buthaina alilijua hilo vizuri kuliko wote.

Akabonyeza kitufe cha redio.

"Basi wa mwisho si wewe, Hamdan. Msubiri huyo."

Aliyeamua Hamdan abaki nyuma ni mama, jioni ile amekaa juu ya zulia lake, Ansab, dele mkononi. Kidole kilichozima redio kilikuwa cha Buthaina.