Jina la Mchukua Mzigo

Saa tano asubuhi. Stoo ya nyuma ya duka la nguo, soko la Shisanhang, Guangzhou, China. Wanaume watatu walikalia marobota ya jinzi, mlango umetiwa komeo. Macharia, mkubwa wao, hakupoteza maneno.

"Mzigo ni simu za Bimkubwa, yule mama wa Mombasa. Uko kwa ghala, bandari ya Nansha. Mlinzi wa geti anaangalia kompyuta tu. Jina likifanana na pasipoti, anafungua. Odhiambo, sema yako."

Odhiambo, fundi wa kompyuta, alitoa flashi. "Skripti iko hapa. Inafungua faili la mipangilio ya mfumo, inatafuta mstari wa mchukua mzigo, inatoa jina la mama, inaweka letu. Inahifadhi nakala ya faili la zamani, halafu inawasha mfumo upya. Yohane, wewe unabonyeza tu."

"Hilo jina letu ni la nani?" Yohane aliuliza.

"La msee hayuko, mtu wa kubuni," Macharia alisema. "Tulia. Jioni unapata pasipoti yako, unaenda home."

Yohane, kijana wa Mwanza, alikuwa karani wa kampuni yenye ghala lile. Macharia alimshikia pasipoti tangu mwaka jana, eti anamtafutia viza. Mama yake Yohane akafa, akazikwa, mwana yuko Guangzhou. Tangu hapo moyo ulikufa ganzi. Alitaka kitu kimoja tu: akalione kaburi.

Saa saba mchana. Ofisini taa zilizimwa. Wachina wakishakula hulala mezani pao, na hapo hata upitishe ng'ombe hawaamki. Laoban, tajiri wa kampuni, alikoroma miguu juu ya kiti. Yohane alichomeka flashi kwenye kompyuta kuu. Akabonyeza. Akamwandikia Macharia: "Tayari."

Kisha akafungua faili ahakikishe, kama karani yeyote.

Mchukua mzigo: Yohane Lazaro Mashimba. Chini yake, namba ya pasipoti yake.

Mla nawe hafi nawe. Macharia angeonyesha pasipoti ile getini. Mlinzi angeona jina limefanana, na sura ni nyeusi, basi, inatosha. Kesho polisi wangemsaka Yohane. Alijua anapaswa kukasirika. Hasira haikuja.

Alimpigia Macharia, akanong'ona. "Kaka, umeweka jina langu."

"Wacha jokes. Niko kwa geti." Simu ikakatwa.

Nakala ya zamani ilikuwepo. Akiirudisha, Macharia angekamatwa, na pasipoti ingekwenda naye. Akiiacha, yeye ndiye mwizi. Yohane aliirudisha. Akawasha mfumo upya. Jina la Bimkubwa likakaa mahali pake. Alichomoa flashi, akakaa, mikono magotini.

Saa nane. Taa ziliwaka. Laoban alikuwa anajinyoosha simu yake ilipolia. Aliongea Kichina, na Yohane alikielewa vizuri.

"Kuna mtu kaja kuchukua mzigo, jina halimo? Polisi wameshafika? Anaitwa nani?" Akasikiliza. "Yohane? Kasema mwenyewe yeye ndiye Yohane?"

Akageuka, akamtazama karani wake.

"Bu shi, siye," akaiambia simu. "Yohane yuko hapa mbele yangu."

Akasikiliza tena. Makarani wengine waliacha kukunja mablanketi yao. Laoban aliifunika simu kwa kiganja.

"Polisi wanasema Yohane waliye naye ana pasipoti. Wanauliza, wewe una nini?"