Jina la Dada Yangu Ndani ya Seva ya Chuo

Jina la marehemu dada yangu, Atieno, lilikutwa ndani ya seva ya alama za chuo chetu, limerudiwa mfululizo. Aliyeliandika ni mimi. Aliyelipeleka huko si mimi...

Nina miaka ishirini na mitatu. Naishi na mama Soweto West, Kibera. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nikisomea usalama wa kompyuta.

Katika somo moja tulifundishwa kushambulia programu ili tujue kuilinda. Unaijaza herufi kupita nafasi iliyotengewa, zinafurika, zinafunika maagizo yake, nayo inaanza kutii yako. Sharti lilikuwa moja: mashine ya mazoezi tu!

Wenzangu walijaza kwa herufi A tupu. Mimi nilijaza ATIENO. Walinicheka, wakaniita Mama Matanga.

Stima ilipopotea kwetu, nilibeba laptop hadi Kabiro, Kawangware, kwa Brian, mchumba wangu. Tulisoma darasa moja. Alikuwa amekwama kwenye zoezi lile, akaomba aone nilivyofanya. Nikamwachia laptop, nikatoka kununua chapati. Nani humficha mchumba wake kitu?

Baada ya muda mfupi chuo kikagundua kwamba seva ya alama imevamiwa. Alama za wanafunzi kadhaa zilikuwa zimepandishwa, zangu na za Brian zikiwemo. Mwalimu wetu alipochunguza kumbukumbu za seva, alikuta ATIENO, ATIENO, ATIENO... Alijua ni mtindo wa nani.

Mbele ya kamati ya nidhamu nilieleza yote, hata kwamba nilimwachia Brian laptop yenye kazi yangu. Brian akaitwa. Niliamini angesema ukweli, maana mwezi uliotangulia alikuwa amekuja nyumbani kujitambulisha kwa mama. Hakuniangalia.

"Hiyo jina ni ya siz yake, alikufa," alisema. "Mimi ningeitoa wapi?"

Sikulia. Nilitazama kifungo cha shati lake, kile nilichomshonea kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Nikasikia wakiniambia nitoke.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaosomea kazi hii, nawasihi: kitu kinachoweza kuvunja mlango wa watu msimwachie yeyote, hata yule mnayepanga kuishi naye. Mimi nilidhani kuficha ni kutopenda...

Nimesimamishwa masomo. Kamati haijatoa uamuzi. Brian anaendelea kuhudhuria darasa.

Jana alinitumia ujumbe: "Niaje. Uko?"

Sijamjibu. Sijaufuta pia.