Usinawe, Filomena

Mume anayemkataza mkewe kunawa mikono ana jambo, lakini Filomena alidhani ni ubahili wa sabuni tu. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya foleni, sembe ya foleni, hata viberiti. Kwa hiyo Polikarpo aliposema asinawe kabla ya kuwashika panya, na kanga zake zilizochakaa awatandikie vilevile bila kuzifua, alijibu haya baba Sesilia, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuga panya. Weupe, wa macho mekundu, ndani ya makasha ya chai yaliyofunikwa wavu, kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yao ya Tandika. Walikuwa chakula cha chatu.

Polikarpo alitoka Newala akiwa mchonga vinyago, na mchongaji wa hovyo, tuseme ukweli. Tembo wake walifanana na nguruwe. Wakati huo watu wasio na kazi walikuwa wakikusanywa mitaani na kupakiwa kwenye malori, warudishwe vijijini wakalime. Zamu yake ilikuwa inakuja na alijua. Akaenda Kimbiji bila kuaga, akarudi na chatu ndani ya gunia. Tangu hapo akawa mcheza ngoma na nyoka. Kikundi cha ngoma kikampa kitambulisho, wageni wa serikali wakampigia makofi Sabasaba, na malori yakampita. Jembe aliliogopa kuliko moto, mwanamume yule.

Jirani yao Auleria, mama Audax, mwanamke wa Bukoba mwenye mdomo wake, alikuwa akichungulia juu ya ua na kuuliza leo ni mchuzi au ni wa kuchoma, maana watu wa kusini anawajua kwa panya. Filomena alimjibu kwamba hawa wamelelewa kwa pumba, nyama yao laini, wangemfaa mwenye meno kama yake. Walicheka wote wawili. Ilikuwa bado siku za kucheka.

Kilichomkera Filomena kwanza ni kwamba chatu alichagua. Polikarpo alileta panya wa ghalani, wanene, chatu akawageuzia kichwa. Alitaka wale waliolala kwenye kanga ya Filomena, waliokamatwa na mikono ya Filomena. Halafu siku moja jioni akipita mlangoni pa chumba cha nyoka, akamsikia mumewe ndani anasema polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni, "Filomena huyu hapa." Ikafuata sauti ya panya, fupi, kisha kimya. Alipomuuliza, Polikarpo alisema alikuwa anamwita amletee maji. Maji alipoyaleta hakuyanywa.

Kisha ikaja harufu. Nyoka ana uvundo wake, kila mtu anaujua, lakini chumba kile kilianza kunukia mafuta ya nazi yenye karafuu, mafuta yake mwenyewe ya nywele, na Filomena akasimama kizingitini mchana kweupe akijinusa mabega, kisha akinusa hewa ya mle ndani, asijue ni yupi kati yao anayenukia mwenzake.

Panya nao wakaharibika. Majike yakaanza kula watoto wao. Makasha yakabaki na wachache, waliokonda, wenye kujibanza. Polikarpo akamwambia hao wachache awatunze wazae, na chatu akalala njaa.

Ikawa mchana mmoja, baada ya chakula, Sesilia amelala mkekani amejifunika kanga ya mama yake, umri wake ule wa kung'oka meno ya mbele, na Filomena akatoka kuanika mboga. Aliporudi aliona kanga inasogea. Alidhani mtoto anajigeuza, lakini mtoto alikuwa ametulia na kanga inakwenda, inakwenda taratibu kuelekea mlango wa chumba cha nyoka, nayo inamvuta mtoto kwa kuwa alikuwa amejiviringisha ndani yake tangu kwapa hadi miguu, na pindo lake halikuonekana kwa sababu lilikuwa limeshaingia mdomoni mwa chatu, ambaye alikuwa hana haraka, macho wazi, akimeza nguo ile kidogo kidogo kama mtoto mchanga anayenyonya, na chumba kizima kikinukia karafuu. Filomena hakupiga kelele. Alichukua kisu cha mboga akaikata kanga, akambeba mwanawe, akatokea kwa Auleria bila viatu.

Polikarpo aliporudi alisema nyoka alikuwa na njaa tu, wasimjazie watu. Auleria hakumsikiliza. Alimfuata Mzee Fakihi, fundi wa majini kule Mtoni, na Filomena, pamoja na rozari yake shingoni, akasema aje.

Mzee Fakihi alikaa karibu na kasha la nyoka, akatia ubani kwenye chetezo, akamwomba jini aliyemo ndani ya nyoka ampande mtu, aseme shida yake. Wote walimtazama Filomena, kwa kuwa majini huwapanda wanawake, ndivyo watu wasemavyo. Naye alijikaza, akisubiri kichwa kiwe kizito. Moshi ukazunguka. Aliyeanguka magoti alikuwa Polikarpo.

Sauti iliyomtoka ilikuwa kavu, ya mtu aliyechoka kusubiri.

"Nilipewa mwanamke kule Kimbiji. Kila nikiuliza yuko wapi, naambiwa Filomena huyu hapa. Nameza, nakuta panya."

"Nani alikupa?" aliuliza Mzee Fakihi.

"Huyu ninayemkalia. Alitaka asirudi kulima."

Auleria alimkumbatia Sesilia aliyelala mapajani mwake. Filomena alitazama viganja vyake. Miezi yote ile, vile viumbe alivyovilea kwa jasho lake, vilikuwa vinapelekwa mle ndani kwa jina lake.

Mzee Fakihi alisema kilichotolewa kwa kinywa kinarudi kwa kinywa. Alimwomba jini amwachie mtu ulimi wake kidogo. Polikarpo akarudi, jasho linamtiririka, akaambiwa aseme maneno machache tu: Filomena simtoi, mwenye ahadi ni mimi.

Filomena alimsubiri. Bado anatafuta maneno, alijiambia, ameshtuka, apewe nafasi. Mzee Fakihi akarudia. Polikarpo akalamba midomo.

"Mzee," alinong'ona, "hakuna njia nyingine?"

Na macho yake yakaenda kwa Sesilia.

Hayakukaa, yaliteleza tu na kurudi sakafuni, lakini Filomena alikuwa mkewe, aliyajua macho yale. Mpaka hapo alikuwa anatafuta namna ya kumsamehe. Sasa alisogea mbele ya chetezo, akapiga magoti, akasema na jini mwenyewe.

"Kila ulichokula humu nimekilea mie, kwa mikono hii. Huyu hajakulisha hata siku moja, amekudanganya tu, kama mie. Mie na mwanangu hatumo. Njaa yako muulize yeye."

Polikarpo alisema, "Mama Sesilia, tafadhali." Halafu akacheka, na kicheko hakikuwa chake.

"Umesema," ilijibu ile sauti.

Walipofunua kasha, chatu alikuwa amekufa, mwepesi kama ganda la muhogo. Mzee Fakihi alikusanya vyombo vyake upesi, hata chai hakungoja. Alisema jini amemtoka nyoka. Hakusema amekwenda wapi, na hakuna aliyemuuliza.

Filomena alilala kwa Auleria. Asubuhi alirudi kufunga mzigo, aende kwa dada yake Kibamba. Auleria alimbeba mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha. Polikarpo alikuwa bado ndani. Uji aliowekewa mlangoni ulikuwa umeganda vilevile. Filomena alipita kibarazani, akaondoa nyavu, akayalaza makasha ubavu. Panya wakasita kidogo, kisha wakakimbilia majanini mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa ameshafika uani, na mzigo kichwani, aliposikia mlango. Polikarpo alisimama pale amevaa shati safi, uso wake umetulia, hana jasho. Aliangalia makasha matupu kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

"Mama Sesilia," alisema, kwa sauti yake mwenyewe kabisa, "umewafungulia wote. Sasa nitakula nini?"