Victorine Aazima Kadi ya Benki

Victorine na mume wake Séraphin wanaishi Schaerbeek huko Ubelgiji, juu ya duka la mikate. Wote wawili ni watu wa Likasi, mji wa Katanga. Séraphin anaendesha basi. Victorine anahudumia wazee majumbani: anawaogesha, anawapikia, anawapa dawa. Anaipenda kazi hiyo, na hapewi mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa wizi. Shika hilo, msomaji, kwa sababu nusura aipoteze.

Jumapili moja baada ya misa ya Kiswahili, Joël alimfuata nje ya kanisa. Joël ni kijana wa kwaya, mpole, mwenye sauti nzuri. Alisema amepata kazi, lakini hana papiers za kukaa nchini, na benki inamkatalia kufungua akaunti.

"Maman, minaomba tu carte yako na code," alisema. "Patron atatuma mushahara yangu kwako, miye nitaikamata. Kisha nitakurudishia carte."

Sasa, sisi watu wa Katanga tumezoea kuazimana. Sufuria tunaazimana, kitenge cha arusi tunaazimana, hata anwani ya kupokelea barua. Kumnyima mtoto wa kwetu ni aibu. Victorine hakuuliza patron huyo ni nani, wala kazi yenyewe ni ipi. Alifungua mkoba, akampa kadi, akamnong'oneza namba ya siri. Jamani, Victorine! Huruma yako ilikuwa ya kweli, lakini kadi ya benki si sufuria.

Baada ya siku chache Joël alirudisha kadi, pamoja na mfuko wa samaki wa kusema asante. Samaki wakaliwa, na kijana akasifiwa sana mezani.

Jumamosi Victorine alikwenda dukani Ixelles kununua unga wa fufu na sombe, yale majani ya muhogo. Kadi ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa tena, na watu nyuma yake wakaanza kuguna. Akapiga simu benki. Aliambiwa akaunti yake imezuiwa, kwa sababu pesa za wizi zimepita humo, na polisi watamwita. Alirudisha sombe mahali pake, akatoka dukani mikono mitupu.

Nyumbani Séraphin alikasirika, kisha akaogopa. Akamshauri mkewe aseme kadi iliibiwa. Hawakukubaliana, basi wakapanda ngazi kwa jirani yao Mwadi, ambaye ni mwanasheria. Mwadi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Musiseme iliibiwa," alisema. "Ule ni uongo, na uongo ku polisi ni kosa ingine."

"Lakini miye sikuiba kitu, Mwadi."

"Najua, maman. Lakini mwizi alitafuta fasi ya kupitisha pesa, na weye ulimufungulia mulango."

Kisha akawaeleza polepole. Kadi na namba yake ya siri ni za mtu mmoja tu. Hapewi rafiki, hapewi ndugu, hapewi mtu anayepiga simu akisema yeye ni wa benki, kwa maana benki haiombi namba hiyo. Na mtu anayeacha akaunti yake ipitishe pesa za wizi anaweza kushtakiwa, hata kama hakula senti. Kwa hiyo kadi ifungwe leo hii, na kesho waende polisi pamoja, aseme kweli yote.

"Na jina ya Joël?" Victorine aliuliza.

"Hata jina ya Joël."

Hapo Victorine akalia. Alikua pamoja na mama yake Joël kule Likasi, nyumba kwa nyumba. Atamwambia nini? Lakini kesho yake alikwenda, akamtaja.

Polisi walimwambia pesa zimetoka kwa nani, naye alimjua. Ni mama Irma wa Ganshoren, mzee wa Kibelgiji aliyekuwa muuguzi wa misheni Katanga. Alipenda kuja kwenye misa yao ili asikie Kiswahili. Joël alimpigia simu kwa Kiswahili, akajifanya mfanyakazi wa benki. Mama Irma alifurahi kusikia lugha hiyo, akamsomea namba zote alizoombwa, na pesa zake zikahamishiwa akaunti ya Victorine.

Joël anangoja hukumu. Victorine hakupelekwa mahakamani, kwa sababu alijipeleka polisi mwenyewe na kusema kweli. Anamrudishia mama Irma pesa kidogo kidogo, na kazi yake anayo bado. Siku hizi mtu akiomba kadi pale kanisani, akina mama wanakataa, halafu wanamsindikiza kwa maofisa wa ustawi wa jamii akaulize namna ya kupata akaunti yake mwenyewe. Anayewahimiza kuliko wote ni Séraphin, kana kwamba si yeye aliyeshauri uongo.

Lakini kabla ya hayo, Victorine alitakiwa kukutana na mama Irma mbele ya mpatanishi. Njiani alipanga maneno yake kwa Kiswahili, akidhani yatampendeza mzee.

"Mama Irma, unisamehe," alisema. "Sikujua. Lakini carte ile haikukuwa ya kupatia mutu."

Mama Irma alimjibu kwa Kifaransa, kwa upole, kwamba amemsamehe. Kisha akaomba waendelee kwa Kifaransa tu, kwa sababu sasa akisikia Kiswahili anaogopa.

Victorine alijuta siku ile kuliko siku zote. Alifuta machozi, akaanza kuomba msamaha upya, kwa Kifaransa.