Uso wa Kararaina Kwenye Kitambaa cha Vyombo

Kila Jumamosi asubuhi, Bibi Merepaea alikwenda kwenye nyumba ya mababu hapa kwetu Waipūrau, kijiji cha Wamaori wa New Zealand, kuwafuta wazee vumbi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "nakwenda kuwafuta wazee," wala hakusema "picha." Alivua viatu mlangoni, akaingia na kitambaa chake cheupe, akaanza upande wa mlango na kumalizia kwa mama yake, Kararaina.

Katika picha hiyo Kararaina ameketi kwenye kiti cha mbao. Moko yake, ile michoro ya kidevuni, imekolea vizuri, na mapajani amempakata mtoto mchanga aliyekunja uso. Mtoto huyo ndiye Bibi mwenyewe. Ilipigwa na mpiga picha mpita njia, na Kararaina hakupigwa nyingine maishani mwake.

"Mama, leo kuna upepo," Bibi humwambia huku akimfuta. "Lakini usijali, dirisha nimelifunga."

Kile kitambaa cheupe kilifuliwa peke yake na kuanikwa kwenye kamba yake. Kwetu, vitu vya kichwa na vitu vya chakula havikutani, hata ndani ya beseni. Kichwa cha mtu ni kitakatifu, na cha marehemu ndiyo zaidi. Mtoto akiingia na biskuti mbele ya zile picha hutolewa mbio, na mama yake husemwa wiki nzima. Picha haitoki ukutani ila kukiwa na msiba, ndipo huwekwa karibu na jeneza ili marehemu asikae peke yake. Bibi alikwisha kutuagiza sote: "Siku yangu mimi, mama akae kichwani kwangu."

Basi, ndugu zangu mnaonisikiliza, shikeni hayo maneno ya Bibi, maana hadithi yote imo humo.

Eruera, mtoto wa kaka yake Bibi, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima huko Auckland. Si mtu mbaya. Lakini alipofika nyumbani kwa sikukuu, alisimama kwenye kikao cha ukoo simu mkononi.

"Shangazi, naomba nimpige picha bibi Kararaina. Natengeneza mti wa ukoo kwenye mtandao."

"Mti wa ukoo ninao kichwani," Bibi akamjibu. "Nikuanzie wapi, kwenye mtumbwi uliowaleta mababu zetu au kwa baba yako mvivu?"

Tulicheka, na baba yake Eruera alicheka kuliko sote.

"Ni kwa ajili ya wenzetu walioko Australia, kule Perth na Brisbane, shangazi. Watoto wao hawatujui hata sura."

"Na nani mwingine ataiona?"

"Ni sisi kwa sisi tu."

Sisi kwa sisi! Kikao kizima kilimsikia, na kwa neno hilo kikakubali. Picha hiyo haikuwa ya Eruera. Haikuwa hata ya Bibi peke yake. Ilikuwa ya sisi sote, na sisi sote tulimruhusu kwa sharti moja alilolitamka mwenyewe kwa kinywa chake.

Sasa nendeni naye Auckland mkaone alivyofanya. Alifungua tovuti ya nasaba ya kampuni moja ya ng'ambo, akaipakia picha. Tovuti ikamletea masharti, kurasa kwa kurasa: kwamba anathibitisha ana haki juu ya picha hiyo, kwamba anaipa kampuni ruhusa ya kuitumia, kuibadilisha na kuwapa washirika wake, popote duniani, bila kumwuliza tena. Aliyasoma? Thubutu! Mtu anayewasomea wateja wa bima maandishi madogo kutwa nzima, yetu yakamshinda. Akabofya "nakubali." Kisha akaulizwa kama mti uwe wa siri au wa wazi. Akachagua wazi.

Kwa nini? Alitueleza baadaye, na nitawaeleza nanyi, maana kosa hilo ni letu sisi watu wa Waipūrau. Alidhani mtandao ni ukuta mwingine wa nyumba ya mababu. Alidhani kila atakayeingia atavua viatu kwanza, atainamisha kichwa, ataacha chai yake nje. Tena watu asiowajua wakamwandikia, "Mwanamke mzuri ajabu! Hongera!" naye akavimba kichwa.

Mwaka uliofuata alifariki Hōhepa, kaka yake Bibi, baba yake Eruera. Kararaina alishushwa ukutani, akakaa karibu na mwanawe siku zote za matanga, kisha akarudishwa mahali pake. Tulipotoka kuzika, watu wakala, nasi wa jikoni tukabaki na mlima wa vyombo. Jirani yetu Glenys, Mzungu mwenye moyo mzuri ambaye hajawahi kukosa msiba wetu hata mmoja, alikuja na pakiti ya vitambaa vipya vya kukaushia vyombo, maana jikoni kwetu hakuna anayeingia mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimezama kwenye povu hadi viwiko. Glenys alichana pakiti, akachukua cha juu na kuanza kukausha mfuniko wa sufuria ya nguruwe.

"Vimechorwa vizuri, eti?" akaniambia. "Nilivikuta dukani, pale uwanja wa ndege. Nikasema hivi vitawafaa."

Wakati huohuo Bibi aliingia kuwashukuru wapishi, kama ilivyo desturi. Alifika nusu ya sentensi, akakitazama kile kitambaa.

"Glenys, mpenzi, hebu nipe hicho."

Alikikunjua. Mchuzi ulikuwa umeshuka kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye moko. Sura ilikuwa imegeuzwa, kulia kukawa kushoto, na mashavu yametiwa wekundu. Bibi hakukiweka mezani, angewezaje? Alikikumbatia kifuani, na mafuta yale yote yakaingia kwenye nguo yake ya msiba.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Glenys aliangua kilio palepale. Mimi nilishikwa na hasira. Lakini Bibi alikuwa bado anatazama, akipitisha kidole mapajani pa mama yake. Pale palipokuwa na mtoto, walikuwa wamechora kikapu cha maua.

"Na mimi niko wapi?" akauliza. "Mimi wamenipeleka wapi?"

Eruera aliingia na rundo la sahani. Alipoona, zilimponyoka.

"Nani amemleta mama yangu jikoni, Eruera?"

"Shangazi, sikumwuza. Naapa kwa baba niliyemzika leo, sijauza!"

"Hukuuza!" nikamrukia mimi. "Uligawa bure! Afadhali ungeuza, tungejua umemthamini!"

"Mwacheni," Bibi akasema. "Alisema ni sisi kwa sisi. Eruera, hawa wenye duka ni ndugu zetu wa upande gani? Nitajie, maana nasaba naijua yote na hawa siwaoni."

Eruera akainama kuokota vipande vya sahani.

Alihangaika, hilo siwezi kumnyima. Aliiandikia kampuni, ikamjibu kwa adabu yote kwamba mtumiaji alithibitisha haki zake na kutoa ruhusa kwa hiari. Mtumiaji ni yeye! Duka likasema picha lilipewa kihalali na mshirika wa kampuni. Kwa aibu ya malalamiko yetu wakaviondoa vile vitambaa, lakini baadaye jamaa wa Perth akatuambia kaiona sura ileile kwenye kopo la biskuti. Mnanisikia? Biskuti! Na watu wa nchi za mbali walikwisha kuinakili kwenye miti yao wenyewe. Mmoja amemwandika Kararaina kuwa nyanya yake mzaa mama, kwa jina jingine kabisa. Kwa uchungu Eruera alifuta mti wote, akafuta na picha kwenye simu yake, akidhani kufuta ni kurudisha.

Bibi hakwenda tena kuwafuta wazee. Jumamosi zilipita, kitambaa cheupe kikiwa kimekunjwa kabatini. Siku moja alituita nyumbani kwake.

"Lile agizo langu nalibadilisha. Mama asikae kichwani kwangu mbele ya watu. Watamtazama wakikumbuka mfuniko wa sufuria. Mwekeni ndani, mikononi mwangu, nishuke naye. Huko hakuna atakayemkaushia sahani."

Tulimsihi. Eruera alipiga magoti. Alikataa katakata.

Alifariki majira ya baridi, nasi tukafanya alivyotaka. Kwa hiyo mama aliyempakata mtoto wake pichani, safari hii akapakatwa naye. Kichwani pa jeneza palikuwa patupu, na wageni wakawa wanatazama pale patupu, kisha wanatutazama sisi.

Baada ya matanga binti yake Eruera aliuona msumari mtupu ukutani, akamwomba baba yake amwonyeshe Kararaina. Eruera akafungua simu. Picha hakuwa nayo. Hakuna yeyote kwetu aliyekuwa nayo. Ikambidi amtafute mtandaoni; zile nakala za miti ya wageni zina majina mengine, hakuziona, ila huyu wa dukani alimpata upesi: uso umegeuzwa, mashavu mekundu, na mapajani maua.

"Ndiye huyu?" mtoto akauliza.

Eruera akasema ndiyo, maana hakuwa na mwingine wa kumwonyesha.

Mafunzo

Nyinyi mnaopakia picha za marehemu wenu kila sikukuu, nawauliza: nani aliwapa? Kuwa na picha kwenye simu si kuwa na haki juu yake. Ulizeni ukoo kwanza, na mkiahidi kwamba ni yetu tu, ifungeni iwe yetu tu. Yasomeni yale masharti mpaka mwisho, hata macho yaume, maana hiyo kampuni imewaandikia waziwazi itakachofanya na nyinyi mmekubali. Wala msijidanganye kwamba mtafuta kesho. Kufuta kunaondoa picha kwenu tu. Waliokwisha kuichukua wanabaki nayo.

Na kama hayo yote ni mazito kwenu, basi kabla hamjabofya, mfikirieni Bibi Merepaea amesimama jikoni na mafuta kifuani, akiuliza wamempeleka wapi.