Kiti cha Mwanzi cha Nchi ya Kiduchu

Siku ile walikuwepo Nambua, Mama, Baba, Bibi Namsifu na Mjomba Zefania. Alikuwepo pia Kito, mdogo wake Nambua, ambaye alikuwa hajaota meno. Na alikuwepo mbuzi, jina lake Chachandu.

Basi! Hiyo ndiyo nchi nzima.

Nchi yenyewe iliitwa Kiduchu. Ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanakuitikia, "Afya!"

Kiduchu kila kitu kilikuwa cha mianzi. Vitanda vya mianzi. Kabati la mianzi. Hata kitanda cha Kito, kile cha kubembea. Nyii-nya, nyii-nya.

Asubuhi ile, tarumbeta ililia ng'ambo ya mto. Paa-pa-paaa!

"Sikilizeni!" mpiga tarumbeta alipaza sauti. "Mfalme Bonge wa Nchi Kubwa anakuja leo. Nchi isiyo na kiti cha kumkalisha Mfalme, si nchi! Ataifanya zizi la ng'ombe wake!"

"Zizi?" Mama akashika kichwa.

"Na sisi tutalala wapi?" Nambua akauliza.

"Viti vyetu ni vidogo, mjukuu wangu," akasema Bibi Namsifu. "Na Mfalme yule si mtu, ni kilima kinachotembea."

Nambua akaruka juu. "Basi tutengeneze kiti kikubwa! Sisi ni wadogo, lakini tupo!"

"Tupo!" wakaitikia wote. "Meee!" akaitikia Chachandu.

Baba akakata mianzi. Kacha, kacha! Mjomba Zefania akaisugua. Swa, swa! Mama akaipinda kwa moto. Pssss!

Nambua akafunga kamba. Vuta, zungusha, kaza! Vuta, zungusha, kaza!

Kiti kikasimama. Kilikuwa na rangi ya asali. Kiling'aa hadi Bibi akapiga kigelegele.

Lakini Kiduchu wana desturi yao. Kiti hakiwi kiti mpaka nchi nzima ikikalie. Kwa pamoja!

Baba akakaa. Mama akakaa. Bibi akakaa. Mjomba akajibana katikati. Nambua akapanda juu yao, amempakata Kito. Chachandu naye akarukia juu ya wote.

"Mjomba, kiwiko chako!" akalia Mama.

"Si changu, dada! Hiyo ni pembe ya Chachandu!"

Nyii-nya! Kiti kikapinda. Hakikuvunjika.

"Haya, shukeni," akasema Baba. Lo! Hakuna aliyeshuka. Mguu wa huyu uko hapa, mkono wa yule uko kule. Nchi nzima imenasa!

Na papo hapo, du! Du! Du! Mfalme Bonge akafika.

"Mbona hamsimami?" akanguruma.

"Shikamoo, Mfalme," ikatoka sauti ya Nambua, chini ya tumbo la mbuzi. "Tunataka kusimama. Tumenasa!"

Mfalme akakunja uso. Akamshika Chachandu mkia. Vuuuta! Wakaanguka wote, puu! Kito akacheka, ufizi mtupu.

Mfalme akakitazama kiti. "Mwanzi? Huu si mrija wa kunywea uji? Mimi nitakaa hapa?"

Nambua akatazama chini. Akaona miguu ya Mfalme. Maskini, ilikuwa imevimba kwa safari! Akamwonea huruma.

Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. "Pole kwa safari, Mfalme. Kaa, upumzishe miguu."

Mfalme akakaa.

Nyiiiiii! Kiti kikapinda. Kikapinda. Kikapinda tena!

Nambua akafumba macho. Alifikiria kitanda chake. Alifikiria ng'ombe wamelala juu yake. "Shika, fundo langu," akanong'ona. "Shika!"

Kiti kikaacha kulia.

Kisha... nyaaa! Kiti kikamrusha Mfalme juu. Kikamdaka. Nyii-nya!

"Uwii!" Mfalme akapiga kelele. "Tena!"

Nyii-nya! Nyii-nya! Mfalme akadunda. Maji yakaruka, chubwi! Taji likamwangukia Chachandu, likamkaa vizuri kabisa.

"Kwangu kuna kiti cha chuma," Mfalme akasema, akicheka hadi machozi. "Kigumu! Kinaniumiza makalio!"

"Makalio!" Nambua akaangua kicheko. Mama akacheka. Mpiga tarumbeta naye akacheka, tarumbeta ikatoa pfff!

Mfalme akamwita Nambua. "Nani amefunga haya mafundo?"

"Mimi, Mfalme."

"Wewe mdogo hivi?"

"Mimi ni mdogo," akasema Nambua, "lakini nipo!"

Mfalme akaitikia kwa kichwa, polepole. "Kweli, upo. Mpiga tarumbeta! Tangaza! Kiduchu si zizi. Kiduchu ni nchi!"

Paa-pa-paaa! "Kiduchu ni nchiii!"

"Sisi tulijua zamani," akasema Bibi Namsifu, akienda kupakua ugali.

Wakala. Wakaimba. Wakamkalisha mpiga tarumbeta naye, maana yeye pia alikuwa amechoka.

Jua likatua. Kito akalala. Nyii-nya, nyii-nya.

Mfalme Bonge akalala palepale kitini. Khorrr! Nambua akamfunika kwa khanga ya Mama. Ilifika magotini tu, akamwongezea ya Bibi.

Kisha Nambua akapanda kitandani kwake, katika nchi yake. Akalala fofofo.

Mwezi uliofuata, Mfalme Bonge aliagiza kitanda cha mianzi.